Niliingiza kipimo cha saratani cha shangazi kama marobota ya tumbaku

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana kwa ajili ya kutukana watu.

Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Tabora. Anayetafuta chai aende kwa mama lishe. Huku ni ukweli tu, na ukweli wenyewe hauniweki mahali pazuri.

Mimi ni karani wa madai ya bima kwenye hospitali moja hapa mjini. Jina lake siwapi, bado naupenda mshahara wangu.

Kazi yangu ni kukaa dirishani, kuugeuza ugonjwa wako kuwa code za bima, na kukuambia urudi Jumatatu. Nina cheti kabisa. Mafunzo ya siku tatu, moja ikiwa ya kupiga picha ya pamoja.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku kule Usoke, miaka sita. Shikeni hiyo tumbaku, tutairudia.

Sasa. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi Kigwa. Ndiye aliyenilea tangu darasa la pili. Ni mama wa kwaya, Mmoraviani wa kweli, na akikuuliza swali ujue jibu anataka leo.

Alianza kuchoka bila sababu, akakonda, akawa na michubuko ambayo hakumbuki ilikotoka. Nikamleta hospitali. Daktari wetu, dada mmoja mpole, akasema inaonekana ni saratani ya damu, ila zipo za aina nyingi na dawa ya hii siyo ya ile. Bila kujua aina, hawezi kumwanzishia chochote.

Kipimo cha kujua aina kinaitwa flow cytometry. Kwa lugha yetu: chembe za damu zinapitishwa moja moja mbele ya mwanga, mashine inasoma alama zilizo juu yake, wanaziita marker. Shangazi aliandikiwa marker ishirini.

Mashine hiyo Tabora hatuna. Sampuli inasafirishwa kwa basi mpaka maabara ya mkoa mwingine, na isiposomwa ndani ya siku mbili chembe zinakufa. Na maabara ya huko haifungui chupa ya sampuli mpaka ione namba ya kibali cha bima.

Kwa shangazi, damu ya mkononi haikutosha. Ikabidi achotwe uboho kwenye nyonga. Wakuu, kile si kitu cha kumwombea mtu. Mama yule aliyezoea kubeba magunia alilia, na mimi nilikuwa nje ya mlango nasikia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Chupa iondoke na basi la Ijumaa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nani? Ya mtaalamu mwenye cheti.

Nikakaa kwenye kompyuta kwa mbwembwe. Kipimo hiki kina code ya marker ya kwanza, code nyingine ya marker za nyongeza, na ya tatu ya daktari anayetafsiri majibu. Jambo dogo.

Turudi kwenye tumbaku. Sokoni, kila robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, lina tiketi yake. Ukiwa na marobota kumi na tisa ya daraja moja, unaandika mistari kumi na tisa. Ukiyajumlisha kwenye mstari mmoja, mkulima anakushuku umemlia robota, na kikao kinaitishwa.

Basi na mimi, mtoto wa Usoke mwaminifu, nikaandika marker ya kwanza, kisha marker za nyongeza kumi na tisa, kila moja mstari wake. Code ileile mara kumi na tisa. Ukurasa ulipendeza sana.

Saa tisa system ya bima ikajibu: huduma imerudiwa, dai limekataliwa.

Mtu mwenye akili angesoma ule ujumbe, akauliza. Mimi nilikasirika. Nikatuma tena vilevile. Ikakataa. Nikatuma mara ya tatu, kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, maana sote tunajua nguvu ya kidole inasaidia.

Faili likafungwa. Uchunguzi wa udanganyifu, mpaka Jumatatu.

Nikapiga simu makao makuu ya bima. Nikaambiwa mhusika yuko semina ya kuharakisha vibali.

Basi la Ijumaa likaondoka bila chupa. Njia hiyo ya basi, inayopita Kigwa na Tura, mababu zetu walipita kwa miguu na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, mizigo ikafika. Leo kuna lami, na chupa ndogo kuliko kidole imeshindwa kutoka getini.

Jumatatu mhusika akapokea simu. Akaniuliza kwa upole kwa nini nimeandika mistari kumi na tisa wakati ni mstari mmoja, idadi kumi na tisa. Aliirekebisha kwa dakika mbili. Kibali kikatoka, kizuri kabisa, cha sampuli iliyokufa.

Mchana huo nikaenda Kigwa kumwambia arudi kuchotwa tena. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea uji. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno, na yalinitoka yaleyale ninayowaambia watu wote dirishani.

"System ilisumbua, shangazi."

Akaweka kikombe chake chini.

"Na hiyo system, baba, ina nyonga?"

Wakuu, nililia. Mtu mzima, na ndevu zangu. Nikamweleza yote, tiketi, marobota, kidole, kila kitu. Hakunifokea. Alisema atakuja Alhamisi, ila na mimi niingie mle chumbani na karatasi yangu.

Alhamisi alilala kwa ubavu, daktari keshavaa glovu, shangazi akainua mkono kumwashiria asubiri kidogo. Akaniambia nimsomee.

Nikasoma mbele ya daktari na nesi. Marker ya kwanza, moja. Za nyongeza, kumi na tisa, mstari mmoja. Tafsiri ya daktari, moja.

"Kibali kimetoka?"

"Kimetoka, shangazi. Namba hii hapa."

"Haya daktari, choma sasa."

Alinishika mkono muda wote, na aliuminya kwa haki kabisa.

Majibu yalirudi. Ni aina inayokwenda polepole na dawa yake ipo. Ameanza, na kwenye kwaya ameruhusiwa kuimba akiwa amekaa. Zile siku zilizopotea hazikumuua. Daktari alinitamkia wazi kwamba ingekuwa aina ile nyingine ya kasi, tungekuwa tunaongea habari tofauti. Hilo bado linaniamsha usiku.

Nilichojifunza: kwa hospitali yetu, sampuli ya kusafirishwa haichotwi kabla ya kibali kutoka, na mgonjwa namsomea kila mstari hata asipoelewa. Foleni inanung'unika. Inune tu. Na lile neno la system kusumbua nimeliacha.

Mlio kwenye madai ya bima, nyie mnaziingizaje hizi marker? Na nyie mlioambiwa system inasumbua mkarudishwa nyumbani, semeni yaliyowakuta.

Wa kunitukana pia karibuni, ila mpange foleni. Shangazi yuko mbele yenu.