Programu Moja kwa Pande Zote

Kazini kwetu Keshero, mtaa ulio kando ya ziwa, tulikuwa tunapanga vipimo vya joto la ziwa. Mimi nilianzia kwenye boti, kushusha vipimajoto majini. Halafu mkubwa wetu, mama mmoja ingénieur, yaani mhandisi, akasikia kwamba najua kidogo Rust, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akanipa kiti mezani. Alisema wazi, akiniita Papa kama mwanaume yeyote mzima kwetu:

"Papa, fanya hii moja, ubakie na sisi hapa. Ikikushinda, unarudia ku ziwa. Hakuna kinyongo."

Kazi ilikuwa kutafuta wastani. Joto la siku moja, saa kwa saa, ni mstari wa namba: huo ni upande mmoja. Ukiongeza kina cha maji, unapata jedwali, pande mbili. Ukiongeza vituo, majedwali yanapangwa moja juu ya lingine, pande tatu. Alitaka programu moja inayokubali idadi yoyote ya pande.

Nimesoma kidogo, katika shule isiyo na vitabu: mwalimu anaandika ubaoni, wewe unakopi. Basi nikaandika ya upande mmoja, nikaikopi kwa pande mbili, nikaikopi kwa tatu. Zote zilikubali. Niseme ukweli, nilijivuna.

Mama akacheka. "Papa, hii iko programu moja ao famille muzima?"

"Ni mapacha, Mama."

"Na tukileta upande wa ine juu ya hizi tatu, utazala tena?"

Nikaanza upya: kutafuta wastani wa saa zote ni kuuondoa upande wa saa, ibaki namba moja mahali pa mstari. Kompaila, ile programu inayokagua maandishi yetu kabla hayajafanya kazi, ikakataa: unataka kuondoa upande, nani amehakikisha upande upo? Haikunionea. Namba moja peke yake haina upande, na mimi sikuwa nimeiwaza. Nikaandika ahadi kwamba upande upo. Lakini baada ya kuondoa upande wa saa nilihitaji kuondoa na wa kina. Ikadai ahadi nyingine juu ya kile kilichobaki. Nikaiandika hiyo nayo, makosa yakazidi. Sijui kama ni akili yangu ndogo ao ni haraka. Pengine vyote.

Mwishowe nikachukua njia nyingine: idadi ya pande isijulikane mpaka programu ianze. Kompaila ikanyamaza. Nikamwita mama. Mbele ya wenzangu akaweka mstari mmoja tu wa joto. Programu ikatafuta upande wa pili, ikaukosa, ikaanguka.

Hakunigombeza. Alisema njia ile si mbaya, ila nilipaswa kuhesabu pande kwanza. Ni kweli. Akasema pia kwamba alinipa kazi ngumu bila kunionyesha. Hiyo nayo ni kweli, ila haikubadilisha kitu.

Akaiandika mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, na inafanya kazi. Nimeisoma mara nyingi. Neno moja moja ninalielewa. Maneno yakikaa pamoja yananiacha. Aliniuliza kama anifafanulie, nikakubali, akaeleza kwa subira, nikawa naitikia kwa kichwa. Akanitazama, akaacha kueleza.

"Papa," alisema polepole, "kesho boti inaondoka saa mbili."