Fuvu la Sange na Kufuli Mbili

Shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, kazi yake ni kupika vichwa visivyoliwa. Ameajiriwa jumba la makumbusho, kwenye ghala la nyuma. Akiletewa kichwa cha mnyama aliyekufa, anakichemsha kwenye sufuria kubwa, anakwangua nyama kwa mswaki na sindano ya magunia, anakianika, anakiandika namba, anakitia kabatini. Mtaani wanamwita Bi Mafuvu, na watoto wa jirani humwuliza leo kaonja nini. Anacheka nao. Mshahara wake ndio unaomlisha mama mkwe wangu, kwa hiyo kazi ile mimi siichezei.

Ghala ni refu, dirisha lake moja limepakwa rangi. Makabati ya chuma yamepangwa kiukoo, kila mnyama na jamaa zake, na ukoo wenyewe ulipangwa zamani kwa kutazama sura. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alitiwa kwa virukanjia kwa kuwa wanafanana.

Asubuhi moja msimamizi wa ghala alifungua kabati la tembo. Ndani ya taya la mtoto wa tembo alikuta fuvu la sange, dogo kama kidole gumba, limekaa kama kitoto kilichopakatwa.

"Bibi we, hapa si jikoni kwako," alimwambia shemeji.

"Sijalitia mkono, bosi."

"Basi limetembea."

Alilirudisha mwenyewe. Kesho yake likawa kulekule. Akatamka kwamba likikutwa huko tena, shemeji akusanye miswaki yake aende.

Shemeji akanijia dukani, ninakouza vifaa, kuanzia kufuli hadi mitego ya panya.

"Shemeji, mimi na tembo tuna ugomvi gani?"

"Huna ugomvi na tembo. Una makabati yasiyofungwa, na mtu anakuchezea."

Nilichukua kufuli mbili nikaenda kwa msimamizi. Nikampa masharti: afunge kabati la virukanjia na la tembo kwa mkono wake, funguo alale nazo. Sange akihama na kufuli ziko nzima, shemeji asiulizwe tena.

"Na akikutwa palepale kwa virukanjia?"

"Basi aliyekuwa akilihamisha ni shemeji. Mwondoe."

Shemeji alinitazama kama mbuzi aliyesikia bei yake. Lakini mtu hakupi kitu kikubwa kama nawe huweki kitu mezani.

Asubuhi tulisimama watatu mbele ya kabati la tembo. Kufuli ilikuwa nzima, na uzi niliouzungushia kwa siri haujakatika. Msimamizi akafungua. Sange alikuwa ndani ya taya. Pembeni yake, pua imeelekezwa kwa tembo, lilikuwa fuvu la muhanga, yule mchimba mashimo mwenye masikio marefu, ambaye miaka yote amekaa na kakakuona mwisho wa ghala kwa sababu wote wawili hula mchwa. Muhanga hakuna aliyemtaja. Tukasikia sauti ndogo mle ndani, kama mdomo unaofungwa taratibu.

"Kufuli hizi zina ufunguo mwingine?" msimamizi akaniuliza.

"Zote unazo mfukoni."

Alipapasa mfuko. Hakumwuliza shemeji neno.

Baadaye mtafiti mmoja wa maabara alileta majibu. Alikuwa amechukua unga wa mifupa ya kila ukoo ili asome vinasaba vyake, na sasa akabandika ukutani karatasi yenye mti wa matawi. Alitueleza bila mbwembwe. Sura hudanganya, alisema, pua ndefu hata asiye ndugu anaweza kuwa nayo. Lakini mabadiliko madogo kwenye vinasaba hurithishwa kizazi hadi kizazi, na ukiyalinganisha sehemu maelfu, unajua nani alitoka tumbo gani. Sange, muhanga na tembo walikuwa tawi moja.

"Waliowapanga mwanzo waliwatenganisha ndugu," akasema.

Msimamizi alitazama karatasi, akatazama kabati, akatoka kwenda kukaa uani. Makabati yakapangwa upya kwa kufuata ule mti. Sange akatulia, shemeji akabaki kazini.

Ila shemeji naye ana mdomo. Alimwuliza mtafiti, "Na sisi? Humu ghalani, ukiacha nyani na komba, jamaa zetu wa karibu ni nani?"

"Panya na sungura. Wako karibu nasi kuliko mbwa, kuliko ng'ombe."

Wakacheka wote wawili. Asubuhi iliyofuata shemeji alivaa koti lake la kazi, akatia mkono mfukoni, akakuta fuvu la panya. Alilirudisha kwenye droo. Kesho yake mafuvu ya panya yalikuwa kwenye kiti chake, safu nzima, yametazama mlango anaoingilia.

Shemeji hakumwambia msimamizi. Aliniambia mimi, akipepeta mchele nyumbani kwangu.

"Sasa utaacha kazi?"

"Niache mshahara kwa sababu ya ndugu? Wewe ndugu zako wakija si unawasogezea mkeka?" Akapuliza pumba. "Nimewawekea boksi lenye pamba chini ya meza. Jioni nawarudisha, asubuhi nawakuta. Nawaamkia, naendelea na kazi."

"Wanaitikia?"

Alipepeta kwanza.

"Mmoja ameanza."

Nilirudi dukani mchana uleule. Mitego ya panya ilikuwa inatoka vizuri, na shehena mpya ilikuwa bado haijafunguliwa. Juu ya dari kitu kilikwaruza, kikanyamaza nilipoinua kichwa. Niliibeba ile mitego nikaipeleka stoo. Mteja akiulizia, namwambia imeisha.