"Toa jiwe!": Mama wa Katindo anayejua wimbo upi utashika

Saa moja na nusu asubuhi, mtaa wa Katindo, mjini Goma. Charline Katungu anafuta vumbi jeusi juu ya spika ya kibanda chake, anabonyeza kitufe, kisha anaanza kazi ambayo wapita njia hawaioni: anatazama miguu yao.

Mguu wa kwanza ni wa Prodige, dereva wa basi dogo la Rutshuru, aliyeleta simu itiwe nyimbo za safari. Wimbo wa kwanza, mguu umelala. Wa pili, umelala. Kwenye wa tatu sauti ya mwanamke inaita, "Toa jiwe!" na wenzake wanaitikia, "Limetoka!" Kisigino cha Prodige kinaanza kugonga chini.

"Mama Charline, rudisha pale kidogo!"

Charline anacheka hadi anashika mbavu. Neno hilo, rudisha, ndilo analolisubiri kutwa nzima.

Mama huyu wa miaka 39, aliyekulia Kiwanja, ana mwaka wa tisa sasa akiwatilia nyimbo kwenye simu watu wasio na intaneti. Siku nzuri hupata faranga elfu kumi na tano. Umeme ukikatika tangu asubuhi, hurudi nyumbani mikono mitupu. Hakusomea muziki wala akili za watu, lakini ukimuuliza kwa nini wimbo huu unashika na ule haushiki, jiandae kukaa.

"Mutu anaogopa wimbo mupya kabisa," anasema. "Anapenda ile inafanana na kitu alisha kusikia, halafu ndani kuko kitu kidogo ya kumushangaza."

Na bado, kwa wimbo wake mwenyewe, mtaalamu huyu alichemsha vibaya sana.

"Toa jiwe" ni wimbo wa mama yake, Marcelline, aliyekuwa akiuimba na wanawake wenzake wakichambua mawe kwenye maharagwe soko la Kiwanja. Sasa Mama Marcelline ana miaka 74, na macho yake hayaoni tena mawe. Wale wenzake wengi wameshatangulia.

"Nilitaka mama asikie wimbo yake kwa mudomo ya mutu hamujui, akiwa bado muzima," anasema Charline. "Hiyo tu."

Ndugu wakachangia kurekodi. Noko Kambere, mjomba wake anayefanya biashara Butembo, alitoa mafuta ya jenereta na mbuzi wa kuwalisha wapiga muziki. Kwa desturi ya muziki wa Kongo, anayechangia hutajwa jina ndani ya wimbo. Huko kunaitwa kutupa libanga, yaani jiwe kwa Kilingala. Charline aliwatupia wote, tena mwanzoni kabisa. Majina kumi na tisa, dakika nzima, kabla ya jiwe la kwanza kutoka!

Wiki tatu aliupiga, na miguu ikalala fofofo. "Ruka hiyo," wateja walimwambia.

"Nililia," anakiri. "Niliona nimezika mama yangu chini ya majina ya batu."

Kisha siku moja jirani yake Dorine, muuza sambaza, alichelewa kufika. Alipopanga samaki wake, majina yalikuwa yameshapita. Kufikia saa sita alikuwa anauimba wimbo huo chini chini bila kujijua.

"Ni nani aliimba hii?" Dorine akauliza. "Inatembea mu kichwa yangu, haitoke!"

Charline aliacha kibanda wazi akakimbilia studio. Alimwomba fundi mitambo, Benny, ahamishe majina yote mwishoni, mwito uanze papo hapo. Halafu akaongeza ujanja wake: mara ya tatu, jibu lifutwe.

"Mwimbaji anaita, halafu kimya," anaeleza, macho yakimng'aa. "Mudomo ya mutu haiwezi kuvumilia. Inajibu yenyewe!"

Basi ukashika! Madereva waliubeba hadi Rutshuru, na ndani ya mwezi mmoja ukafika Butembo. Ndipo simu aliyokuwa akiiogopa ikalia.

"Charline! Jina yangu iko wapi?" Noko Kambere alifoka. "Miye nilitoa mbuzi, na batu banazima kabla jina yangu haijafika!"

Nyuma yake, redio ya duka fulani ilikuwa ikiupiga wimbo uleule. Mwito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya.

"Limetoka!" akajibu Noko Kambere, katikati ya hasira zake.

Wote wawili wakaangua kicheko. Kisha mjomba akaahidi mbuzi mwingine kwa ajili ya wimbo ujao.

Jumapili iliyopita Mama Marcelline alipiga simu kutoka Kiwanja. Alikuwa ameketi mlangoni, kijana asiyemjua akapita na pikipiki akiimba, "Toa jiwe!" Mama akaitika. Kijana akafunga breki, akageuka kumwangalia.

"Aliniuliza, 'Muzee mama, hata weye unajua hii wimbo mupya?'" akamsimulia Charline, akicheka.

Mwezi ujao Charline anakwenda Kiwanja na Benny. Ni mama mwenyewe aliyeagiza.

"Kujeni na ile mashini," alisema. "Bado kuko nyimbo zingine nne."