Network yangu ya neuroni iligoma, mpaka nilipokielewa kikohozi cha baba mkwe

Wakuu, salaam kutoka Mpuguso, huku Rungwe. Ukungu umekaa mpaka dirishani na mvua inapiga bati taratibu. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Singida, nimeolewa na Mnyakyusa. Tunaishi nyumbani kwa wakwe.

Nasoma masters huku nafundisha. Kazi yangu ni kuiga kwenye laptop mtandao wa neuroni, zile chembe za ubongo zinazowaka na kupeana taarifa.

Wenye haraka, shikeni haya kabisa. Anza na neuroni chache uzizoee. Hatua ya muda iwe ndogo, milisekunde 0.1 inafaa kwa kuanzia. Ukiiweka kubwa, kompyuta inakudanganya mchana kweupe. Usizianzishe zote na voltage moja, zitaamka pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele ya uji. Na u-save mara kwa mara, umeme hauagi.

Yote hayo niliyafanya. Bado network ikawa inawaka yote kwa mkupuo, halafu kimya. Skrini nyeusi tii.

Na nyumbani nako moyo ulikuwa mzito.

Baba mkwe alikuwa ananikwepa. Nikitoka jikoni, anakohoa huko migombani kisha anabadili njia. Hajawahi kuniangalia usoni wala kukaa nilipo. Nikajua tu hanitaki, mimi mtu wa kuja.

Iliniuma sana, jamani. Nikamwambia mume wangu atutafutie chumba Tukuyu mjini. Akaanza kuulizia, shingo upande.

Mchana mmoja tunamenya ndizi na mama mkwe, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza baba nimemkosea nini. Mama akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Gwe mwanangu! Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Akikohoa anakwambia, napita, kaa kwanza. Asiyekujali si angepita tu?"

Mume wangu kumbe alidhani najua. Wanaume hawa, basi tu.

Nikarudi kwenye laptop. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka, nikakaa naitazama code kama mtu aliye nusu usingizini.

Neuroni zangu zote zilikuwa za kuchochea wenzao. Zile za kuzuia nilizitoa mapema ili kazi iwe nyepesi, nikiamini kuzuia ni ukimya tu. Lakini nazo huwaka, nazo hutuma ujumbe. Ujumbe wenyewe ndio huo, kaa kwanza.

Nikazirudisha. Moja ya kuzuia kwa kila nne za kuchochea, na nguvu yake nikaizidisha mara kadhaa, maana ni chache na lazima zisikike.

Nikabonyeza run.

Vidoti, kila kimoja neuroni iliyowaka, vikaanza kutokea kwenye skrini kimoja kimoja, huku na kule, kama matone ya kwanza kwenye jani la mgomba. Havikulipuka. Havikuzima. Viliendelea tu, vinapishana, na mimi nikawa natokwa machozi peke yangu chumbani bila kujua ni ya masomo au ya nyumba hii.

Jioni nikamwambia mume wangu aache kutafuta chumba.

Nilichojifunza, wakuu: mtandao wa kuchocheana tu hauishi, unajiunguza. Ukiona wako unawaka wote halafu unazima, kabla hujalaumu laptop, tazama kama una neuroni za kuzuia, na kama zinasikika. Na kwa walioolewa ugenini, ulizeni mapema. Mimi nusura nihame nyumba nilimokuwa naheshimiwa.

Wataalamu nirekebisheni, na mlioolewa Unyakyusani leteni yenu. Nitajibu baadaye kidogo, maana nilikuwa nataka kutoka na ndoo na nimesikia kikohozi huko migombani.

Ngoja nikae kwanza. Baba anapita.