Jibu la Herufi Tatu

Saa tano kasorobo asubuhi, chini ya ukumbi wa Bunge, mwanamke wa miaka thelathini na sita anavaa hedifoni, anavua kiatu cha kulia na kuweka mguu juu ya kanyagio. Akikanyaga mbele, sauti inaenda. Akikanyaga nyuma, inarudi. Chumba hakina dirisha. Juu ya dari wanasikika waheshimiwa wakiburuta viti.

Kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa huko juu, kiingie kwenye taarifa rasmi ya Bunge. Wenzake humwita Sikio, kwa sababu humsikia hata mheshimiwa anayeongea huku anamumunya pipi.

Leo amepangiwa kipindi cha maswali ya afya. Anasimama mama mmoja wa makamo, zamani muuguzi, na ukumbi unacheka hata kabla hajafungua mdomo. Wanamwita Mbunge wa Mashine.

“Mheshimiwa Spika, nauliza lile lile,” anasema. “Waziri alituahidi hapa hapa kwamba mashine ya mionzi ya hospitali kuu itafanya kazi kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Huu ni wa tano. Wagonjwa wa saratani niwaambie nini?”

Sikio anaandika. Kisha anafungua mabano na kuandika: Kicheko. Ndiyo kanuni ya kazi, hata kicheko huandikwa.

Waziri anasimama. “Mheshimiwa Spika, Serikali inalifanyia kazi suala hilo.”

Sentensi hii Sikio anaiandika herufi moja moja, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenzake wa meza ya pili anamchungulia.

“Vipi, kompyuta imekugomea?”

“Haijagoma.”

“Sasa si ubonyeze zile tatu tu, shoga yangu, tukanywe chai?”

Sikio anaendelea. Anaandika mpaka nukta.

Waandishi wa chumba hiki wana njia zao za mkato. Maneno yanayorudiwa kila siku huwekwa kwenye kompyuta, mtu akigusa herufi chache, sentensi nzima inajitokeza. “Mheshimiwa Spika” ni herufi mbili. “Serikali inalifanyia kazi suala hilo” ni tatu, na aliyeiweka ni Sikio mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, alipochoka kuiandika.

“Tulicheka siku hiyo mpaka machozi,” anakumbuka. “Tukasema angalau hapa Serikali imetupunguzia kazi.”

Siku hizo mama yake alikuwa mzima, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake. Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Wakadhani ni mafua, wakadhani ni vumbi la vitambaa. Ilikuwa saratani ya koo. Daktari aliwaambia kwamba mionzi ingeweza kuikomesha, mradi wawahi.

Wangewahi wapi? Mashine ya hospitali kuu ilikuwa imefunikwa shuka, na mlangoni pamebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Hospitali binafsi walitaka fedha sawa na mshahara wake wa miezi ishirini na miwili, nusu itangulie. Waliuza cherehani mbili kati ya tatu. Fedha zikaishia kwenye vipimo.

Basi mama akaingia kwenye foleni ya mashine iliyolala. Alikuwa mtu wa mashine, hakuweza kuelewa.

“Mashine ni mafuta na sindano,” alikuwa akimwambia bintiye. “Yangu ikikwama asubuhi, mchana inashona. Hao, fundi wao ni nani, nikamfundishe?”

Na kila jioni, binti hajavua hata viatu, mama huuliza: “Wamesemaje leo?”

“Wanalifanyia kazi, mama.”

“Kazi gani hiyo isiyotoa jasho?”

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Mbunge wa Mashine alisimama kama kawaida yake. Ukumbi ukacheka kama kawaida yake. Sauti ya waziri ilipoingia kwenye hedifoni, “Mheshimiwa Spika, Serikali…”, vidole vya Sikio vikabonyeza herufi tatu. Akasonga mbele.

Haikupita muda akaitwa na mhariri wao, mama mtu mzima anayeitwa Mkasi kwa jinsi anavyokata maneno ya ziada.

“Mwanangu, hebu sikiliza tena hapa.”

“Nimeshasikiliza, mama.”

“Umesikiliza kwa vidole. Sikiliza kwa masikio.”

Akakanyaga nyuma. Waziri alikuwa amesema: “Serikali imeshalipia vipuri. Mashine itaanza kutibu watu kabla ya mwezi wa tatu kwisha.”

Sikio anaeleza haya akiwa ameinamia mikono yake. “Jambo nililokuwa nalingoja usiku na mchana limepita humu masikioni, na mimi sikulisikia. Vidole vilishajua jibu kabla waziri hajasema. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimekata tamaa zamani, ila sijajiambia.”

Kosa lilisahihishwa pale pale. Jioni hiyo hakungoja kuulizwa. Alimwambia mama yake mlangoni, na yule mama akashika ukuta, akakaa chini, kisha akaanza kufunga mfuko. Magauni mawili ya kulalia, sabuni, kijiko. Juu yake akaweka futi ya kupimia nguo.

“Hiyo ya nini?” binti akauliza.

“Nitatoka huko nimekonda. Sitaki kushonewa nguo na mtu mwingine.”

Mwezi wa pili ukapita. Wa tatu ukaisha. Shuka halikufunuliwa. Vipuri vilivyolipiwa havikuonekana, na hakuna aliyejua pa kuuliza isipokuwa yule mbunge mmoja, anayeuliza huku wenzake wanacheka.

Mwezi wa nne daktari alimweleza mgonjwa mwenyewe, bila kumzungusha: ugonjwa umeshuka kifuani, na hata mashine ikipona kesho, kwake haitasaidia tena. Mama aliitikia kwa kichwa. Akamshukuru daktari, akaomba msaada wa kuinuka.

“Jioni ile nilijua hataniuliza,” anasema Sikio. “Nimevua viatu, nimekaa. Akaniuliza: wamesemaje leo? Sijui sasa anauliza kwa ajili ya nani. Sijathubutu kumwuliza.”

Siku hizi sauti ya mama imebaki mnong’ono. Wajukuu hawaisikii, majirani wanajifanya wanaisikia. Sikio peke yake ndiye anayeipata yote, neno kwa neno. Mfuko bado uko nyuma ya mlango, na mama hataki uguswe.

Wiki ile ile ya maneno ya daktari, Sikio alizifuta herufi zake tatu kwenye kompyuta. Aliwaomba wenzake nao wafute za kwao, wakamwambia aache mzaha, kazi ni nyingi. Hakuwalaumu. Kisha akaenda kwa Mkasi kuomba kitu ambacho hakuna mtu chumbani humu aliyewahi kukiomba: apangiwe maswali ya afya kila yanapokuja, mwaka mzima.

“Utajiumiza, mwanangu,” Mkasi alimwambia.

“Nimeshaumia, mama. Siku jibu likibadilika, nataka nilisikie mara ya kwanza.”

Ndiyo mipango aliyonayo. Hana mingine.

Juu ya dari viti vinaburutwa tena, wabunge wanatoka kwenda kupumzika. Mwenzake ameshatangulia kwenye chai. Sikio anatazama sentensi aliyoiandika, anavuta hedifoni ikae sawa, anakanyaga nyuma. Sauti ya waziri inarudi. Anafumba macho na kuisikiliza toka mwanzo, asije akakosa kitu.

Ni ile ile. Anavaa kiatu.