Mtani wa Kusimamia Majitaka

Mtaa wetu hapa Masasi una bomba la majitaka la zamani, lililotandikwa kwa ajili ya nyumba za watumishi kabla wengi wetu hatujahamia. Limechoka. Mvua zikianza chemba zinafurika, na uchafu unapita milangoni mwa watu. Ikasemwa litatengenezwa, ila kwanza apatikane mhandisi mshauri, yaani mtu wa kumsimamia mkandarasi asije akafukia kazi mbovu. Wakazi tukaambiwa tutoe mtu mmoja akae na kamati ya kumchagua huyo mshauri, aeleze jinsi waombaji wanavyoelewana na mtaa.

Wakanichagua mimi. Nimeishia darasa la saba, lakini msimu wa korosho nasimama kwenye mizani ghalani, na watu husema siegemei upande. Nilitaka kukataa. Nimezaliwa Mkunya, huko juu Newala, ambako maji ya kunawia mikono tulimwagia mche wa mpapai. Mimi na maji ya kutupa tumejuana wapi?

Tena kulikuwa na jambo la dada yangu. Ni mkubwa kwangu, tuliteremka wote kutoka Mkunya. Nyuma ya nyumba yake alijenga jiko la matofali na bati, anapika ugali wa muhogo na kisamvu, anauza. Jiko hilo ndilo linalomlisha yeye na wajukuu. Bomba lilipita karibu na pale, hilo tulilijua. Karibu kiasi gani, hakuna aliyetaka kuuliza.

Waombaji waliobaki walikuwa wawili, na kila mmoja aliletwa kwa siku yake kutembezwa kwenye njia ya bomba. Wa kwanza alikuwa mpole, alisalimia kila mlango. Alisema huenda ikawezekana kupitisha bomba la plastiki ndani ya lile la zamani bila kuchimbua sana. Alipofika kwa dada alilitazama jiko, akasema, "Hili tutaliangalia mama, tusiwe na haraka." Sikuona hila kwake. Hata leo siioni.

Wa pili alikuwa Mngoni wa Songea. Alipojua kuwa sisi ni Wamakonde, basi tena.

"Kumbe ni nyie! Babu zenu walitukimbia, wakapanda huko juu kusiko na maji. Mtajulia wapi mambo ya bomba?"

"Na wewe umetufuata mpaka chooni," dada akamjibu. "Wangoni hamchoki kuteka! Safari hii mnateka nini, mavi?"

"Nimefuata panya, kitoweo chenu. Nasikia wa kwenye chemba wamenona."

"Ukifia humo hatukuziki. Tunarudishia mfuniko, tunakwenda zetu kula."

Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, alisimama pembeni anaandika.

Halafu Mngoni akasimama kwenye chemba ya juu, akaitazama ya chini. Akaingia jikoni, akainama kwenye ufa wa sakafu, ufa ambao haukaukagi hata kiangazi. "Mtani, mmelala tena. Unapikia juu ya maungio ya bomba. Nikipewa kazi hii, jiko hili nalivunja."

Wakacheka tena, dada naye akacheka. Mimi nilishindwa, maana safari hii macho ya Mngoni hayakucheka.

Kwenye kikao mwenyekiti akasoma alichoandika. "Huyu wa pili ujuzi anao. Lakini amewatukana wakazi, na wakazi wamemtukana, mpaka wamesema hawatamzika. Mtu wa hivyo atafanyaje kazi pale? Naona tumwondoe." Wajumbe wengine, wageni kama yeye, wakatikisa vichwa kukubali. "Mwakilishi wa wakazi, unasemaje?"

Nikinyamaza, jiko la dada linapona, walau kwa sasa, na hakuna atakayesema nimedanganya. Nikisema, je, nasemea haki, au namsemea mtani kwa sababu ni mtani?

"Mheshimiwa," nikasema, "yale si matusi. Wangoni ni watani wetu. Angekuja kwa adabu tu, ndiyo tungesema huyu hatutaki. Lakini na hili mlijue: dada yangu ana jiko juu ya bomba, na huyu mtani amesema atalivunja. Kwa hiyo nani achaguliwe msiniulize mimi. Pokeeni hilo la utani tu."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Kwetu pia tuna watani, ila hatufiki mpaka makaburini." Akacheka kidogo, akayafuta yale ya matusi. Hakuwa mtu mbaya, aliandika alichosikia. Wakanitoa nje, wakaamua. Kazi akapewa Mngoni.

Habari zilimfikia dada kabla yangu. "Ulisema nini kule, mdogo wangu?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua kisamvu. "Si ungenyamaza tu? Kunyamaza nako ni uongo?"

"Sijui, dada."

"Kama hujui, ulisema kwa nini?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumsaidia kuchambua.

Jiko lilivunjwa. Sufuria alizitoa Mngoni mwenyewe, mojamoja. Chini ya sakafu maungio yalikuwa yameachana, nimeyaona. Ila hatua chache mbele bomba lilikuwa zima, na huenda yule wa kwanza naye asingekosea. Dada hakuwa na fidia ya kudai, kwa kuwa alijenga kwenye njia ya bomba.

Mngoni alipovua kofia ngumu ajifute jasho, dada akaidaka, akaivaa juu ya kilemba. "Hii nimeteka. Utaikomboa kwa jiko."

"Mtani, bila kofia siruhusiwi kusogea hapa."

"Sasa ulidhani nimeichukulia nini?"

Akatutazama sisi. Hakuna aliyemsaidia, kitu kikishikwa na mtani hakinyang'anywi. Alikaa nje ya kamba iliyozungushiwa kazi mchana kutwa. Jioni akapima mahali kando ya ua, mbali na bomba, akashika jembe akaanza kuchimba msingi.

"Msingi haupikiwi," dada akasema, akaondoka na kofia.

Leo asubuhi nimepita. Kuta za matofali yaleyale zimefika magotini. Mngoni ameazima kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa, inamshukia machoni. Dada anauzia chakula chini ya turubai, na ile aliyoiteka kaivaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia marahaba, anapakua, hakuinua uso.