Kichwa Kimoja, Mikono Sita

Marcelline alikuwa na miaka arobaini na mmoja, vidole vyepesi kuliko vya wasusi wote wa saluni yao karibu na stendi ya teksi pale Isipingo, kusini kabisa mwa Afrika, na adui mmoja tu duniani: hesabu. Alitaka kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa. Chuo kilidai barua ya mwalimu kwamba hesabu anaziweza, na mwalimu mwenyewe, Libère, Mrundi aliyefundisha watu wazima kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule Sydenham, hakuwa mtu wa kugawa barua kama peremende. Alitaka alama sitini. Katika jaribio la kwanza Marcelline alipata thelathini na nane. Lilikuwa limebaki moja, nalo ndilo la mwisho.

Tusimsingizie kwamba hana akili. Utotoni, shuleni Uvira, alikaririshwa ile règle de trois ya Wakongo, kanuni ya tatu: tafuta cha mmoja, kisha zidisha. Vita vikamtoa darasani kabla mwalimu wake hajafungua ukurasa wa pili, na tangu siku hiyo akawa anazidisha kila kitu kilichokaa vibaya mbele yake. Mchele ulikubali, vitambaa vilikubali. Kisha Libère akauliza: wajenzi watatu hujenga ukuta kwa siku nane, je, wajenzi sita? Marcelline akajibu kumi na sita na kupiga mstari chini kwa fahari. Darasa lilicheka, naye akacheka nalo, lakini ndani ya teksi ya kurudi alilia.

Libère alikuwa amejitahidi kumweleza. "Maman, iko uwiano wa namna mbili. Wa moja kwa moja, hiki kikipanda na kile kinapanda. Wa kinyume, hiki kikipanda kile kinashuka. Na kila mmoja iko na kitu chenye hakibadiliki. Tunakiita k." Marcelline aliiandika ile k daftarini, akaikodolea macho, nayo haikumwambia lolote.

Jumamosi ya jaribio, mwezi wa Oktoba mwaka 2012, alifika saluni asubuhi akiwa na nia ya kufagia tu na kwenda zake. Mara akaingia Ninahazwe, binti wa kwaya ya kanisani kwao, aliyetarajiwa tangu jana. Ndoa yake ilikuwa saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo.

"Maman Marcelline, nisamehe, jana wageni walinizingira. Nataka rasta ndogo-ndogo, mpaka mgongoni."

"Ndogo-ndogo? Eish, mwanangu. Hiyo ni masaa tisa ya mtu mmoja. Na mimi saa nane niko na examen."

Ninahazwe alianza kutokwa na machozi. Marcelline alimtazama, akatazama saa ya ukutani: saa tatu kamili. Akiondoka, bibi harusi ataolewa akiwa amefunga kilemba. Akibaki kusuka peke yake, kwaheri barua, na saa ya ndoa nayo itapita. Aligeuka kuwatazama wasusi wenzake wawili, Diane na Larissa, waliokuwa wakinywa chai.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akawaambia. "Muje."

Diane akashika kushoto, Larissa kulia, Marcelline akachukua kisogo. Mikono sita ikaanza kazi, na umbea nao ukaanza. Baada ya muda Diane akauliza watamaliza saa ngapi.

"Saa sita," akasema Marcelline bila kufikiri. "Masaa tisa, tuko watatu. Tatu, tatu, tatu."

Hapo mkono wake ukasimama katikati ya msuko. Wasusi wameongezeka, saa zimepungua, na yeye hakuzidisha kitu. Aligawa, tena midomo ikiwa imejaa porojo. Kwa nini? Kwa sababu kichwa ni kile kile. Asuke mmoja, wasuke watatu, kazi iliyo juu ya kichwa cha Ninahazwe ni masaa tisa. Wasusi mara saa, tisa. Hiyo ndiyo k, na amekuwa akiichana kwa miaka kumi na minne.

Akatupia macho pakiti za mèche, zile nywele za kusukia, mezani. Kichwa kimoja pakiti sita, vichwa viwili kumi na mbili. Hapo vichwa vikiongezeka pakiti nazo zinaongezeka, kwa hiyo zidisha tu. Ukigawa pakiti kwa vichwa unapata sita daima. Ile kanuni ya Uvira haikuwa uongo, ilikuwa nusu ya somo.

Shangazi wa bibi harusi, aliyekuja kumfuata na kuona wanachelewa, akajitosa kuwa msusi wa nne. Dakika tano hazikuisha, kiwiko chake kikampiga Larissa kwenye pua. Wakamrudisha kitini kwa heshima zote.

Saa sita na dakika kumi Ninahazwe alisimama mbele ya kioo akiwa amependeza. Marcelline alikimbilia teksi ya mjini, akashuka akapanda nyingine, akaingia ukumbini huku Libère akigawa karatasi. Kando ya kila swali alichora kwanza kichwa kidogo, akajiuliza: hapa kichwa ni nini? Swali la mwisho lilisema mtu mmoja hupaka rangi chumba kwa saa kumi na mbili. Watu kumi na wawili je? Akaandika: "Saa moja, ikiwa viwiko havigongani."

Jumamosi iliyofuata karatasi zilirudishwa: alikuwa amepata sabini na moja. Barua ilikuwa imekunjwa ndani ya karatasi yake.

"Lakini hivi vichwa, Maman?" akauliza Libère.

"Ndiyo k yangu, mwalimu."

Mwezi uliofuata alipita ukumbini kuaga, maana chuo kilikuwa kimempokea. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wapya. Ubaoni, mahali pa k, alikuwa amechora kichwa chenye nywele tatu, na masikio yote mawili yako upande mmoja. Marcelline alisimama mlangoni akikitazama, roho imejaa furaha, mpaka darasa zima likageuka kumwangalia.